Saa Tatu Asubuhi na Rekodi za Mvua za Kwale

Kila mvua kubwa inapoipiga Pwani ya Kusini, maji yakatanda Ukunda na Mto Ramisi ukafura, habari ya kwanza kuzagaa ni kwamba mvua kama hii haijapata kunyesha. Huenda ni kweli. Lakini kwa namna mvua inavyopimwa katika kaunti ya Kwale, dai hilo ni gumu kulithibitisha na gumu vilevile kulikanusha, na sababu kubwa haiko mawinguni. Iko kwenye saa ya kusoma kipimo, kwenye uchache wa vipimamvua, na kwenye mazoea ya kuandika jumla ya siku bila kuandika mvua yenyewe ilichukua muda gani kushuka. Rekodi ya mvua huzaliwa pale wingu linapokutana na utaratibu wa upimaji. Utaratibu ukiwa na kasoro, hata gharika ya karne inaweza kupita daftarini kama siku mbili za mvua ya kawaida.

Chombo chenyewe hakina mambo mengi. Kipimamvua kilichozoeleka Kenya ni mtungi wenye mdomo wa duara wa inchi 5, yaani milimita 127, uliosimikwa ardhini hadi ukingo wake ukabaki kama sentimita 30 juu ya nyasi. Maji hupita kwenye faneli, yakaingia chupani, na chupa ikijaa humwagikia kopo la ndani. Msomaji huyamimina kwenye gilasi nyembamba yenye mistari, akaishika wima usawa wa macho, akasoma pale chini ambapo uso wa maji umebonyea katikati. Kwa mdomo wa ukubwa huo, milimita moja ya mvua ni mililita 12.7 tu za maji, hivyo siku ya manyunyu matone machache yaliyoganda kwenye faneli yanatosha kuharibu hesabu. Siku ya gharika hatari ni nyingine. Milimita 200 ni lita mbili na nusu. Gilasi hujazwa na kumwagwa mara nyingi, na msomaji akiruka gilasi moja katika kuhesabu, namba inayokwenda Nairobi ni ya mvua nyingine kabisa. Halafu kuna mahali pa kusimika. Kanuni ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani inataka umbali kati ya chombo na kizuizi usipungue mara mbili ya kimo cha kizuizi hicho. Mnazi wa mita 20 unadai mita 40 za uwazi, na katika viwanja vya Diani na Msambweni, ambako mnazi unapakana na mwembe na mwembe na ukuta wa jirani, uwazi huo ni wa kutafutwa. Upepo wa kusi nao hupinda juu ya ukingo wa mtungi na kupeperusha sehemu ya matone, kwa hiyo makosa ya chombo hiki mara nyingi huelemea upande mmoja: hupunguza.

Hata chombo kikikaa mahali pake na kusomwa na mtu makini, inabaki saa ya kusoma. Kenya husoma mvua saa tatu asubuhi, na kila saa 24 zinazoishia hapo huhesabiwa kuwa siku moja. Katika bara, ambako mvua nyingi hushuka alasiri na jioni, mpaka huo hauna madhara makubwa. Pwani mambo ni tofauti: mvua za huku mara nyingi hujenga usiku wa manane, zikakaza alfajiri na kuendelea asubuhi. Saa ya kusoma inaangukia katikati ya mvua. Tuseme mvua imeanza saa tisa usiku na kukatika saa sita mchana, ikaleta milimita 160. Daftari linaweza kuonyesha 90 kwa siku moja na 70 kwa siku inayofuata, na mtu atakayepekua miaka 20 baadaye akitafuta siku yenye mvua kubwa kuliko zote hataiona. Wataalamu wa haidrolojia wanalijua tatizo hili tangu zamani. Wanapokuwa na takwimu zilizosomwa mara moja kwa siku, huzidisha vilele vyake kwa 1.13 ili kukisia saa 24 zenye mvua kubwa zaidi, popote zilipoanzia. Hiyo asilimia 13 ni wastani tu. Kwa mvua iliyokatwa katikati, upungufu unaweza kukaribia nusu, na sioni sababu ya kuamini kwamba wastani uliokokotolewa kwingine unaitosha pwani ambayo mvua zake hupenda kukatwa na saa hiyo hiyo.

Upungufu wa pili ni wa vituo. Kati ya tarehe 8 na 9 Mei 2017, mvua iliyofurika Mombasa, Kilifi na Kwale ilipimwa katika kituo cha Mtwapa ikawa zaidi ya milimita 200, na namba hiyo ndiyo iliyoubeba mkasa mzima katika taarifa. Mtwapa iko kama kilomita 40 kutoka Ukunda. Wingu la mvua kubwa linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, kwa hiyo namba ya Mtwapa haithibitishi lolote kuhusu Diani, sembuse Lunga Lunga. Na Kwale ni kaunti ya tofauti kali: ukanda wa bahari hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, Kinango na nyika yake hupata karibu nusu ya hapo, na katikati vilima vya Shimba hukamua unyevu wa upepo wa bahari kwa namna ambayo kituo cha ufukweni hakiwezi kuiona. Mvua inayoujaza Mkurumudzi hunyesha juu huko.

Atakayedhani kwamba tatizo hili ni la nchi maskini atazame New York. Theluji iliyoangukia mji huo Januari 2016 ilitangazwa katika Central Park kuwa inchi 26.8, ikakosa rekodi ya Februari 2006 kwa sehemu moja ya kumi ya inchi. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani ilipofanya uchunguzi, iligundua kosa la mawasiliano, ikarekebisha kipimo kuwa inchi 27.5, karibu sentimita 70, na rekodi ikahama. Katika uchunguzi huo huo jumla ya uwanja wa ndege wa Newark ilikataliwa. Theluji hupimwa juu ya ubao ambao hauruhusiwi kufagiwa zaidi ya mara moja katika saa 6, kwa kuwa theluji hujishindilia kwa uzito wake. Pale Newark walikuwa wakipima kila saa, na anayepima hivyo na kujumlisha hupata theluji nyingi kuliko iliyolala chini. Katika uwanja wa ndege wa Washington, ubao ulifunikwa na theluji ukapotea. Dhoruba ilikuwa moja, wapimaji walikuwa wazoefu, na bado jibu lilitegemea nani alifuata utaratibu. Ninachokiheshimu hapo ni kwamba kulikuwa na maandishi ya kutosha ya kumwezesha mtu wa tatu kurudi nyuma na kusahihisha.

Kuna watakaosema setilaiti zimeyamaliza haya. Zimesaidia sana. CHIRPS ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, inaigawa nchi katika miraba ya kama kilomita 5 na ina takwimu tangu 1981. Bila kazi hiyo wakulima wa nyika wangekuwa gizani zaidi. Lakini setilaiti ya mfumo huo haipimi mvua. Inapima ubaridi wa kilele cha wingu, ikichukulia kwamba wingu refu na baridi ndilo lenye maji, kisha makadirio hurekebishwa kwa vipimo vya ardhini. Mvua ya pwani mara nyingi hutoka katika mawingu mafupi yenye joto, ambayo yanaweza kumwaga maji mengi na kilele chake kisionyeshe baridi ya kutisha. Kwa hiyo mahali setilaiti inapokosea zaidi ndipo inapohitaji mitungi mingi ya kuirekebisha, na mitungi hiyo Kwale haitoshi.

Pingamizi zito zaidi ni la ubora: kwamba kumpa mwalimu au mkulima kipimamvua ni kukaribisha takwimu mbovu. Jibu lake lipo Fort Collins, Colorado. Julai 1997, miezi michache kabla ya El Nino kuifurika pwani yetu, mvua ilishuka zaidi ya milimita 350 upande mmoja wa mji huo na chini ya 60 upande mwingine, watu 5 wakafa, na tofauti hiyo ikajulikana baadaye kwa kukusanya vipimo vya wananchi. Mwaka uliofuata mtaalamu wa hali ya hewa Nolan Doesken akaanzisha mtandao wa wapimaji wa kujitolea uitwao CoCoRaHS, ambao ulienea Marekani yote. Nguvu yake ni chombo cha aina moja, mafunzo mafupi, na wingi wa majirani: kipimo kibovu hujulikana kikizungukwa na vizuri. Kenya nayo ina mbegu ya jambo hilo katika mradi wa TAHMO, unaoweka vituo vya kujiendesha shuleni. Vyombo vya kujiendesha vina ubora ambao mtungi hauna, kwani huandika dakika. Vile vya kopo la kupinduka huhesabu, kwa mfano, kila milimita 0.2, ingawa katika mvua kali hupoteza maji yanayoshuka kopo likiwa linapinduka, na kwa sababu hiyo mtungi wa kawaida usiondolewe pembeni mwake.

Dakika ndizo zinazoamua kama nyumba itaingia maji. Milimita 60 zikigawanyika mchana na usiku, mchanga wa Diani hunywa karibu zote. Zikishuka kwa saa moja juu ya mabati, lami na saruji ya Ukunda, mitaro haiwezi. Hata hivyo maonyo mengi ya mvua kubwa huandikwa kwa kipimo cha zaidi ya milimita 20 au 30 katika saa 24, na mhandisi anayechagua upana wa kalvati kwa jumla za siku hulazimika kukisia ukali wa saa ambayo hakuna aliyeiandika. Msomaji wa mtungi anaweza kupunguza pengo hilo leo hii kwa kuandika saa ya kuanza na saa ya kukatika kando ya milimita, na kwa kusoma mara nne kwa siku pindi onyo linapotolewa.

Vanga inahitaji zaidi ya hayo. Mto Umba unaoizamisha Vanga na vijiji vya jirani huanzia Milima ya Usambara, Tanzania, na mvua inayoujaza inaweza kunyesha Vanga kukiwa na jua. Hakuna mtungi wa Kwale, hata usomwe kila saa, utakaoiona mvua hiyo. Vipimo vinavyohusika viko ng'ambo ya mpaka, maji huchukua saa kadhaa kuteremka, na simu ya msomaji wa Usambara kwenda kwa afisa wa Lunga Lunga ingefika kwa dakika moja, iwapo Nairobi na Dar es Salaam zingekubaliana nani ampigie nani na kwa milimita ngapi.