Fundi wa Pumzi

Usiku wa kuamkia Ijumaa, katika miji ya mwambao yenye wafuasi wa tarika ya Qadiriya, utawaona wanaume wakielekea zawiani hali wamechoka. Huyu ameshinda bandarini akibeba magunia, yule kutwa yuko juani na bodaboda, mwingine hajatoka dukani tangu alfajiri. Ungedhani wanachohitaji ni kitanda. Wao wanakwenda kusimama bega kwa bega, wainame na kuinuka kwa muda mrefu, wakitoa pumzi kwa nguvu mpaka kanzu ziloe jasho. Na wanatoka wepesi kuliko walivyoingia.

Ukiuliza sababu utajibiwa: baraka. Silipingi jibu hilo hata kidogo, ila naliona linampunja mtu mmoja aliyesimama ndani ya halka, yaani duara lao: khalifa anayeongoza zikri. Baraka ni za Mwenyezi Mungu; kuzipanga pumzi za kundi zima la watu waliochoka, kila mmoja na kifua chake, hiyo ni kazi ya fundi.

Fundi huyo haanzi kwa kishindo. Anawaketisha kwanza. Inasomwa Fatiha, wanarehemiwa masheikh wa silsila hadi kwa mwenye tarika, Abdulkadir Jilani, aliyezikwa Baghdad, kisha unavutwa uradi taratibu huku chetezo kikizungushwa na harufu ya udi ikitanda. Ndipo inapoingia La ilaha illa Llah. Murid anayefunzwa huambiwa aivute “la” kutoka kitovuni, aipeleke “ilaha” bega la kulia, kisha “illa Llah” aiteremshe kushoto, penye moyo. Anayefanya ovyo huamka kesho yake shingo inamuuma. Anayefanya sawasawa anajikuta pumzi yote imetoka pamoja na maneno, na ile inayofuata inaingia yenyewe, nzima, mpaka chini ya mbavu. Kutoa kwake ni kurefu, kuvuta ni kufupi. Mtu aliyekuwa akihemahema juu juu tangu asubuhi anapumua kwa tumbo bila ya kuambiwa apumue.

Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilitoa utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake kuhusu watu waliosali rozari kwa Kilatini na waliorudiarudia mantra za yoga. Pumzi zao zilishuka hadi kama sita kwa dakika, na mapigo ya moyo na presha vikaingia katika mwendo mmoja na pumzi hizo. Zikri haikupimwa pale, na zikri ya kusimama ina kasi yake nyingine kabisa. Lakini ule uradi wa kukaa, unaovutwa kwa sauti ya chini na tasbihi mkononi, sioni kama uko mbali na rozari.

Wakishasimama, maneno yanapungua. Inabaki “Allah”, halafu “Hayy”, halafu “Hu”, mpaka sauti inahama kooni na kuwa ya kifua kitupu. Ndiyo maana watu wa zamani waliiita zikri ya kukohoa. Hapo mtazame khalifa mkono wake wa kulia. Anapiga kofi jepesi, anaushusha, anaupandisha, anatembea ndani ya duara. Vijana wakianza kukimbiza hawakaripii. Anakwenda kusimama mbele ya yule mwenye haraka kuliko wote, anainama naye, mara mbili tatu kwa kasi ileile, kisha anazidi kuchelewa kidogo kidogo, na kijana anachelewa naye pasi na kujua. Mtoa kasida anasikiliza na kuchagua beti za kuendana na mwendo huo. Akitokea aliyezidiwa, wazee wawili wanamshika kwapani na duara haliyumbi. Kupandisha si kazi ngumu. Joto la watu linajipandisha lenyewe. Ustadi uko kwenye kushusha. Khalifa asiyejua kushusha anawaachia watu kichwa kinachozunguka, na wanarudi nyumbani hoi.

Ujuzi huu ulienea pwani kwa miguu ya watu. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, huko Somalia, aliyezaliwa mwaka 1847 na kuuawa 1909, alifika Unguja zama za Sayyid Barghash akatoa ijaza, yaani idhini ya kufundisha, kwa wengi. Bagamoyo tarika ilishikwa na Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, mzaliwa wa Manyema huko Kongo aliyeletwa pwani akiwa mtumwa. Mpaka anafariki mwaka 1931 alikuwa kiongozi mkubwa wa Qadiriya upande wa bara. Mimi hupenda kumfikiria kwa upande huu: mtu ambaye nguvu zake zilikuwa mali ya mwingine alikuja kuwa mwalimu wa kuwarudishia watu nguvu zao.

Wapo masheikh wanaosema zikri ya namna hii ni uzushi, na ubishi huo una vitabu vyake, siuingii. Ninachokiona ni hamali aliyepigiwa mwendo wa mtu mwingine siku nzima, wa msimamizi na wa lori linalosubiri, akisimama saa moja katika mwendo unaoshikwa na mtu anayemwangalia usoni kama amechoka ama bado.

Baada ya dua inakuja kahawa chungu na haluwa, na hapo utajua kwamba wenyewe pia wanaihesabu hii kuwa kazi ya ufundi, maana wanaikosoa. “Leo Hayy mmeikimbiza, mwanangu,” mzee mmoja anamwambia khalifa, “wa nyuma wameachwa njiani.” Khalifa anasema, “Hewalla, mzee wangu,” kisha anamsingizia mtoa kasida, eti ndiye aliyepandisha mapema. Mtoa kasida naye ana la kusema, tena kwa ushahidi wa beti. Birika linazunguka tena, ubishi unapamba moto, na yule mbeba magunia anayetakiwa bandarini alfajiri ndiye anayepaza sauti kuliko wote.