Jiko la Huoguo Hupimwa kwa Moto Mdogo

Mwenye mkahawa wa huoguo, ile supu ya Kichina inayochemka katikati ya meza huku walaji wakichovya nyama na mboga wenyewe, akienda kununua majiko ya indaksheni huuliza kwanza wati. Muuzaji humjibu anachopenda kusikia: 3,000. Swali si baya, ila linahusu dakika za mwanzo tu, na mlaji wa huoguo wa Chongqing au Chengdu, miji ya Uchina, hana haraka ya kuondoka mezani.

Tupige hesabu. Kupandisha lita 3 za supu kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kama kilojuli 940. Tukichukulia kwamba asilimia 85 ya umeme inaishia kwenye chungu, jiko la wati 2,000 litachemsha kwa dakika 9 hivi na la wati 3,000 kwa dakika 6. Dakika hizo 3 unaziokoa kwa kuileta supu mezani ikiwa tayari ya moto. Kuanzia hapo kazi ya jiko ni kutunza mchemko, na wati mia kadhaa zinatosha.

Hapo ndipo majiko mengi ya bei rahisi yanapoumbuka. Ukiyashusha chini ya wati 1,000 hivi hayapunguzi nguvu: yanawaka kwa nguvu kubwa sekunde chache, yanazima, yanawaka tena. Kwa wali wa nyumbani haina neno. Kwa huoguo ni balaa. Matumbo ya kitabu, kipenzi cha Chongqing, huchovywa kama sekunde 15 tu. Ukiyatumbukiza jiko likiwa limezima yanatoka nusu mbichi, ukiyasubirisha yanakuwa kama mpira. Kwa hiyo dukani mwambie muuzaji aweke maji, yachemke, kisha ashushe hadi kiwango cha chini kabisa. Simama utazame. Mapovu yakiwa madogo na yasiyokatika, endelea kuzungumza bei. Yakitibuka na kutulia, tibuka na kutulia, aga uondoke.

Chungu nacho kichaguliwe pamoja na jiko. Koili ya jiko hutoa uga wa sumaku unaogeuka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, na uga huo huamsha mikondo ya umeme ndani ya chuma cha chungu. Kinachopata moto ni kitako chenyewe. Sufuria zetu za alumini hapo hazina kazi. Chuma cha pua cha daraja 304 hakishiki sumaku vizuri, cha 430 kinashika, kwa hiyo chungu cha yuanyang, kile chenye ukuta katikati wa kutenga supu ya pilipili na isiyo na pilipili, kinahitaji kitako cha namna ya pili. Nenda na sumaku mfukoni.

Lakini lawama nyingi zinazoangukia jiko ni za seremala. Jiko la huoguo huzamishwa ndani ya meza. Feni yake hunyonya hewa upande mmoja na kutoa hewa ya moto upande mwingine, na pande zote mbili zikifungiwa kwenye kisanduku kimoja, jiko linapumua joto lake lenyewe hadi linajizima watu wakiwa wameshika vijiti. Dawa ni ubao wa kutenga njia mbili za hewa, na matundu ya kutosha chini. Kisha kuna mafuta: supu ya Chongqing hupikwa kwa mafuta ya ng'ombe. Mvuke wake ukipoa ndani ya feni huganda, na mende hupenda sana pahali penye joto na mafuta. Chagua jiko ambalo chujio lake mhudumu analichomoa kwa mkono, bila bisibisi. Kitufe kiwe cha kuzungusha, pembeni mwa meza. Vile vya kugusa hupiga kelele kila tone la supu linapovidondokea.

Mwisho ni fundi umeme. Kila meza iwe na breka yake na kinga ya kuvuja umeme ya miliampia 30, maana hapa maji na waya vinakaa jirani. Meza zigawanywe sawasawa kwenye fezi tatu. Meza 20 za wati 2,000 ni kilowati 40, karibu ampia 60 kwa kila fezi kwenye volti 380. Za wati 3,000 ni kilowati 60, kama ampia 90. Usijidanganye kwamba hazitawaka zote pamoja: wateja wa jioni huingia kwa mkupuo, kila meza ikitaka mchemko wa kwanza. Wati 1,000 za ziada, za kuokoa dakika 3, ndizo zitakazokudai waya mnene zaidi na laini kubwa zaidi ya umeme.