Modeli ya California na mlima wa Balili

Milimita 6 za mvua ndani ya dakika 15. Hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, hukitumia mara nyingi kwenye ramani zake za hatari ya mtiririko wa tope na mawe baada ya moto wa porini. Kama umewahi kukutwa na mvua ya radi pale Musoma, utacheka. Kwetu hiyo ni mvua ya kawaida tu.

Kule hawacheki. Tarehe 9 Januari 2018, mvua fupi na kali ilinyesha juu ya Montecito, California, kwenye milima iliyoungua chini ya mwezi mmoja kabla. Tope na mawe makubwa vilishuka, watu 23 wakafa. Modeli yao inauliza mambo manne: mteremko wa nyuzi 23 au zaidi umeungua kiasi gani, setilaiti inaonyesha mabadiliko gani kabla na baada ya moto, udongo unamomonyoka kirahisi kiasi gani, na mvua ya dakika 15 ina nguvu gani. Ni modeli nzuri, tena ya wazi. Mwanafunzi yeyote anaweza kuikokotoa.

Tatizo ni pale tunapoihamisha kama ilivyo, tukabandika picha za Bunda na Butiama, halafu tukatoa ramani yenye rangi nyekundu. Ilifundishwa kwa data za kusini mwa California, ambako vichaka vigumu huungua kwa joto kali na udongo wa juu unaweza kuanza kukataa maji. Moto wetu wa kiangazi ni wa nyasi. Unapita haraka, unaacha jivu jeusi, na mizizi mingi inabaki hai chini. Setilaiti inaona kijani kimegeuka cheusi, inasema "moto mkali", kumbe udongo haujapata joto la maana. Na Balili, mlima ulio jirani na mji wa Bunda, una mawe mengi. Kipande kimoja cha picha chenye upana wa mita 20 kinachanganya mwamba, nyasi na kichaka, sasa hapo unapima ukali wa nini?

Usinielewe vibaya, sisemi hakuna hatari. Katesh, chini ya Mlima Hanang, tope lilishuka tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80. Hapo chanzo hakikuwa moto, ilikuwa mvua kubwa na sehemu ya mlima iliyolowa ikashindwa kujishikilia. Ila Hanang ni volkano, Balili ni mwamba wa kale wenye udongo mwembamba. Hata ramani ya Hanang huwezi kuileta Bunda.

Kinachoniudhi zaidi ni mvua yenyewe. Utabiri wa msimu unakwambia "juu ya wastani" kwa mkoa mzima, wakati modeli inataka dakika 15 juu ya korongo moja. Kipima mvua kinachosomwa mara moja kwa siku hakiwezi kukupa hiyo. Milimita 40 zikinyesha usiku kucha zinazama taratibu. Zikinyesha kwa nusu saa zinabeba mchanga hadi kwenye kalvati.

Kwa hiyo kabla hujafungua kompyuta, tafuta kipima mvua kinachoandika kila dakika, ukifunge chini ya mlima kabla vuli haijaanza. Na mwaka huo uandike pia ni upande gani uliungua, na lini.