Kosa la Karama na Cheo cha Majivuno: Ofisi ya Waziri katika Kusadikika Ikisomwa kwa Kuzingatia Tawala za Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Wahakiki wengi wa Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951, wameichukua nchi hiyo iliyo angani kuwa kivuli cha Tanganyika chini ya ukoloni. Usomaji huo una nguvu, lakini umeacha swali moja pembeni. Ikiwa mfalme ndiye mtawala wa Kusadikika, kwa nini si yeye anayeleta mashtaka? Anayesimama barazani kumshtaki Karama ni Majivuno, waziri wake. Mfalme husikiliza, kisha huhukumu. Kwa hiyo mgogoro mkuu wa riwaya hauko moja kwa moja baina ya raia na mfalme. Uko baina ya raia na cheo kilichokaa katikati yao.

Makala haya yanadai kwamba cheo hicho ndicho kiini cha fikra ya utawala katika Kusadikika. Kwamba mtunzi alikiona kwa usahihi mkubwa. Na kwamba, pamoja na kukiona, hakukitafutia dawa. Dai hili linajengwa kwa kuisoma riwaya sambamba na historia ya tawala za Bugufi na Bushubi katika wilaya ya Ngara, na Rusubi katika wilaya ya Biharamulo. Haidaiwi kwamba Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga aliyeitumikia serikali ya kikoloni kama karani, aliichora Kusadikika kwa kuitazama Ngara. Sheria zitakazojadiliwa zilihusu Tanganyika nzima. Eneo hili limechaguliwa kwa kuwa Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, nchi mbili ambazo hatima ya wafalme na mawaziri wakuu wake inaturuhusu kuipima riwaya kwa mambo yaliyotokea kweli.

2.0 Waziri Aliye Mshtaki

Majivuno amekusanya kazi tatu mkononi mwake. Ni mshauri wa mfalme, ni msemaji wa serikali, na ni mshtaki. Anapofungua kesi huanza kwa kuisifu nchi na kiti cha mfalme, ili anayempinga yeye aonekane anampinga mfalme. Huo ni ujanja wa hoja, lakini ni ujanja unaowezekana kwa sababu ya cheo chenyewe: hakuna barazani mtu mwingine mwenye haki ya kueleza serikali inataka nini.

Karama hujitetea kwa siku sita, na kila siku husimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa upande mmoja wa ulimwengu, akarudi na mawaidha yenye manufaa, akaishia kifungoni. Marudio haya yamewahi kuhesabiwa kuwa udhaifu wa msuko, kwa kuwa msomaji akishamaliza safari ya pili anaweza kubashiri mwisho wa ya tatu. Makala haya yanaona kinyume. Mjumbe mmoja akifungwa, msomaji anaweza kusema kwamba alikutana na mtu mbaya siku mbaya. Wakifungwa sita, kwa namna ileile na barazani palepale, lawama huhama kutoka kwa mtu na kuwaangukia utaratibu na wanaouendesha. Marudio ni ushahidi wa Karama, na kuyapunguza kungekuwa kumnyima mshtakiwa mashahidi wake.

Hata hivyo, mtunzi anaukinza ushahidi huo kwa mbinu yake mwenyewe ya majina. Majivuno ana majivuno. Karama ana karama. Wajumbe wanaitwa Buruhani, Fadhili, Amini. Majina haya humfundisha msomaji kwamba shina la uovu ni tabia. Hapo riwaya inasema mambo mawili kwa wakati mmoja: msuko unakilaumu cheo, na majina yanamlaumu mtu.

3.0 Kosa la Karama na Mahakama za Wenyeji

Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Msomaji wa leo huliona kosa hilo kama kejeli iliyotiwa chumvi: nchi gani ingekataza watu kujifunza kutetea haki zao? Jibu ni kwamba katazo lililokaribiana sana na hilo lilikuwemo katika vitabu vya sheria vya Tanganyika wakati riwaya inachapishwa.

Sheria ya mwaka 1926 iliwapa watawala wa jadi mamlaka chini ya serikali ya kikoloni, na Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 ikaziweka mahakama hizo chini ya uangalizi wa maofisa wa utawala. Katika tawala kama Bugufi, Bushubi na Rusubi, mamlaka yaliyotoa amri ndiyo yaliyoketi kuamua mashauri, na aliyetaka kulalamika alipanda ngazi ya maofisa walewale wa utawala. Mawakili hawakuruhusiwa kutokea mbele ya mahakama hizo. Mtu wa Ngara aliyeshtakiwa kwa kukaidi amri alijibu mashtaka kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mamlaka iliyokuwa na maslahi katika amri hiyo.

Ni haki kuitaja hoja ya upande wa pili. Katazo hilo lilitetewa kwa madai kwamba mahakama za wenyeji zilipaswa kuwa rahisi, za gharama ndogo, na zisizompa tajiri silaha ambayo maskini hawezi kuinunua. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini hapa ndipo riwaya inapoonyesha ukali wa fikra ambao wahakiki hawajaupa uzito wa kutosha: Karama hashtakiwi kwa kukodishwa na tajiri, bali kwa kufundisha. Anachokitetea ni maarifa ya sheria kuenea kwa watu, jambo linalompunguzia maskini haja ya kumkodi mtu. Hofu ya Majivuno, kwa hiyo, haiwezi kufichwa nyuma ya huruma kwa maskini.

Suala hili halikukoma na ukoloni. Mamlaka ya kisheria ya watawala wa jadi yaliondolewa mwaka 1963, lakini Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 bado iliwazuia mawakili kutokea katika mahakama za mwanzo, mpaka ilipolegezwa kwa marekebisho ya mwaka 2021. Kwa miaka mingi, basi, mwanafunzi wa sekondari wa Biharamulo aliweza kuisoma Kusadikika darasani kama hadithi ya zamani, huku shauri la mzazi wake katika mahakama ya mwanzo likiendeshwa chini ya katazo lenye asili hiyohiyo.

4.0 Dawa Iliyokosekana

Kesi inaisha kwa mfalme kumwachilia Karama. Huu ni ushindi, lakini ni ushindi wa namna gani? Haki imepatikana kwa sababu mfalme amesikiliza na ameridhika. Angekuwa na sikio zito, hotuba za siku sita zingepotea hewani. Cheo cha waziri hakigawanywi. Anayeshauri bado anaweza kushtaki. Mwishoni, majina yameushinda msuko: mtu mwenye majivuno ameaibika, na kiti chake kimebaki kama kilivyokuwa.

Huenda ikasemwa kwamba riwaya si katiba, na kwamba ni dhuluma kumdai mtunzi vifungu vya sheria. Pingamizi hilo lingetosha kama sheria isingekuwa mada ya riwaya yenyewe. Isitoshe, mfano wa dawa ulikuwapo karibu. Katika Buganda, katikiro alikuwa mkuu wa mawaziri na pia mwamuzi mkuu. Mkataba wa mwaka 1900 uliwataja mbalimbali katikiro, omulamuzi wa mambo ya sheria, na omuwanika wa hazina. Mkataba huo ulikuwa wa kikoloni na ulikuwa na dhuluma zake, lakini unathibitisha kwamba wazo la kuzitenganisha kazi za waziri halikuwa geni katika ukanda huu.

Uzito wa pengo hilo unaonekana ng'ambo ya mpaka wa Ngara. Rwanda iliuondoa ufalme mwaka 1961, kwa hiyo swali la waziri chini ya mfalme likafungwa. Burundi iliingia uhuru mwaka 1962 ikiwa ufalme wa kikatiba. Waziri mkuu wake Louis Rwagasore alikuwa ameuawa Oktoba 1961. Mwingine, Pierre Ngendandumwe, aliuawa Januari 1965. Novemba 1966 waziri mkuu Michel Micombero alimwondoa mfalme Ntare V na kutangaza jamhuri. Katika miaka mitano ofisi hiyo ilikuwa mahali pa kufia, kisha ikawa ngazi ya kukipindulia kiti. Hakuna jina la sifa, zuri au baya, linaloweza kueleza mwenendo huo. Unaelezeka kwa kuuliza ofisi ilikuwa na mamlaka gani, na nani aliweza kuyazuia.

Tanganyika nayo ilikuwa na malkia na waziri mkuu kuanzia Desemba 1961 hadi Desemba 1962. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, ndani ya mwaka huo mmoja, akiwa raia wa ufalme wa kikatiba.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kosa la Karama lilikuwa na mwenzake katika sheria za Tanganyika, kwamba marudio ya safari sita ni ushahidi dhidi ya utaratibu, na kwamba majina ya wahusika yanaufifisha ushahidi huo. Athari yake katika ufundishaji ni ya wazi. Mwanafunzi anayeulizwa tu tabia za Majivuno atajibu kwamba ana kiburi, husuda na hila, naye atapata alama. Inapendekezwa aulizwe pia: Majivuno akiondoka kesho na kiti chake akapewa Karama, nani atamzuia Karama? Kusadikika haina jibu la swali hilo, lakini imetupa kila kinachohitajika ili tuliulize.