Nguzo Imeshikwa na Nini?

Programu ya kusanifu majengo ya chuma hupiga hesabu haraka kuliko binadamu yeyote, ila haijui nguzo imeshikwa na nini. Chora nguzo ya mita 6, weka nodi katikati, na STAAD.Pro itaona vipande viwili vya mita 3. Usipoiambia neno, itauchukua urefu huo kwa pande zote mbili za nguzo. Hapo ndipo ninapowapenda wahandisi wasio na pupa.

Bana njiti ya chelewa kwenye ncha zake mbili: inapinda upesi. Mtu akiishika katikati, inakaza. Leonhard Euler aliiwekea hali hii kanuni mwaka 1744: urefu ukikatwa nusu, mzigo wa kuipindisha huongezeka mara 4. Nguzo ya IPE 200, chuma cha umbo la I, yenye mita 6, ncha zake zikiwa huru kuzunguka, hufikia kikomo cha Euler upande wake dhaifu kwenye kilonyutoni 82 hivi. Ikishikwa katikati hufika 328 hivi, na chuma ni kilekile.

Niliketi kando ya mhandisi mmoja akijaza vigezo vya urefu wa nguzo na boriti za ghala. Papi ya ukutani, chuma cha mlalo kinachobeba mabati, inaizuia nguzo isilale kuufuata ukuta, basi kwenye LY, urefu wa kupinda upande dhaifu, akaandika 3. Kuelekea ndani na nje ya jengo hakuna kinachoizuia. Kwenye LZ, urefu wa upande imara, akaandika 6. Wengi wangeishia hapo. Yeye aliufuata mstari wa papi kwa ncha ya kalamu, nguzo hadi nguzo, mpaka akafika penye vyuma vya mshazari vilivyopishana. Pasipo vyuma hivyo, papi zingezifunga nguzo ili zilale zote pamoja.

Paa lilimkalisha zaidi. Uzito wa mabati hugandamiza flanji ya juu ya boriti katikati ya paa, nayo imeshikwa na papi. Upepo ukilivuta paa juu, mgandamizo huhamia flanji ya chini, ambayo haijaguswa na kitu. Ndiyo maana urefu usioshikwa una vigezo viwili, UNT ya flanji ya juu na UNB ya chini, na nikiziona zimelingana ghala zima huwa nauliza maswali. Papi zake ziliachana kwa mita 1.5, basi UNT ikawa 1.5. Kwa UNB alichora kwanza vyuma vifupi vya mshazari, kutoka kila papi ya pili kushuka hadi flanji ya chini, ndipo akaandika 3. Namba haikutangulia chuma.

Pembeni ya kila namba aliandika sababu yake. Kazi hiyo huonekana ya kuchosha hadi mwenye ghala anapobadili mawazo, naye huyu alibadili: alitaka mlango wa malori. Mlango ukaukata mstari wa papi kabla haujafika kwenye vyuma vya mshazari, na nguzo mbili za ng'ambo zikabaki zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Kwenye skrini nodi zilikuwepo bado, na programu isingelalamika. Alirudisha LY kuwa 6. Uwiano wa wembamba wa nguzo hizo za IPE 200 ukapanda hadi 268, wakati mwongozo wa AISC wa Marekani unashauri usizidi 200. Akaweka HEA 160 kwa nguzo hizo mbili, yenye uwiano wa 151, kwa gharama ya kilo 48 zaidi za chuma kila moja.