Chumba Ndani ya Kitabu: Uhakiki wa Sanaa ya Kuchimba Vitabu Vikuukuu na Suala la Uhifadhi wa Maandishi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki sanaa ya kuchimba vitabu vikuukuu na kujenga ndani yake vyumba na mandhari ndogo. Kwa kurejelea kazi za Brian Dettmer, Guy Laramée na msanii wa Edinburgh aliyeficha jina lake, yanadai kwamba thamani ya kazi ya aina hii haipimwi kwa ustadi wa samani zake, bali kwa uhusiano wa chumba na maandishi yaliyoondolewa ili kukipisha. Aidha, yanaonyesha kwamba uhalali wa sanaa hii hutegemea wingi wa nakala, sharti ambalo vitabu vingi vya zamani vya Kiswahili havilitimizi.

1. Utangulizi

Kiswahili kina mazoea ya zamani ya kukitazama kitabu kama nyumba. Katika machapisho mengi ya kale, sura ya kitabu huitwa mlango. Neno beti linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba, ambalo pia hutaja mstari wa shairi. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, ukuta wenyewe ulichongwa zidaka, vijichumba vya kuwekea vyombo vya thamani. Kwa mzawa wa lugha hii, basi, wazo la chumba kilichofichwa ndani ya kitu kingine si geni.

Hata hivyo, mazoea hayo ndiyo yanayotuwajibisha kuuliza swali ambalo washabiki wa sanaa hii hulipita haraka. Ikiwa kitabu tayari ni nyumba yenye milango, msanii anayekichimba ili ajenge chumba hajengi kwenye kiwanja kitupu. Anabomoa vyumba vilivyokuwapo. Je, anachokijenga kinafidia alichokibomoa?

2. Namna kazi inavyofanyika

Mtengenezaji huchagua kitabu chenye jalada gumu, hupaka gundi nyeupe kingo za kurasa, hukibana mpaka kikauke, kisha hukata kwa kisu chenye wembe na rula ya chuma, kurasa chache kwa wakati mmoja, akiacha ukingo pande zote. Ukingo huo ndio unaokuwa ukuta.

Kipimo kinachotumiwa sana katika vyumba vidogo ni 1:12, yaani sentimita 1 husimama badala ya sentimita 12 za nyumba halisi. Kwa kipimo hicho, kitabu kimoja kilichosimama rafuni, chenye unene wa sentimita 5, hutoa upana wa sentimita 60 tu: ni kichochoro, si chumba. Vitabu vinne vya namna hiyo vikiunganishwa hutoa upana wa mita 2.4. Vikiwa na kimo cha sentimita 24 na kina cha sentimita 17, dari hufika takriban mita 2.9 na kina hufika mita 2, kabla ya kuondoa unene wa kuta. Hesabu hii inaeleza kwa nini watengenezaji huvipenda vitabu vya mfululizo vyenye majalada yanayofanana, kama vile ensaiklopedia, kamusi kubwa na juzuu za sheria. Uteuzi wa vitabu huanza na unene na mgongo, na mara nyingi maudhui huja mwisho au hayaji kabisa.

3. Kilichoondolewa na kilichobaki

Hapo ndipo uhakiki unapopaswa kuanza. Brian Dettmer, msanii wa Marekani, huchonga kamusi na ensaiklopedia ukurasa baada ya ukurasa. Sharti alilojiwekea ni kutoongeza wala kuhamisha kitu: picha na maneno yanayoonekana yako palepale yalipochapishwa, na kazi yake ni kuondoa yanayoyazunguka. Tokeo ni pango lenye tabaka nyingi ambamo mchoro wa mashine unatazamana na neno lililokuwa kurasa mia mbili mbele yake. Maandishi yamepungua lakini hayajanyamazishwa, kwani chumba kimejengwa kwa mali ya kitabu chenyewe.

Guy Laramée wa Québec, Kanada, huchonga vitabu vya marejeo vikawa milima, mabonde na magenge. Tofauti na Dettmer, hatuachii neno la kusoma. Kurasa zinageuka mwamba. Lakini hoja yake inasomeka: maarifa yaliyorundikwa humomonyoka kama jabali linavyomomonyolewa na mvua. Mwaka 2012 kampuni ya Encyclopaedia Britannica ilipotangaza kuacha kuchapa toleo la karatasi, hoja hiyo ilipata ushahidi nje ya sanaa.

Mfano wa tatu unatoka Edinburgh. Mwaka 2011, wakati maktaba za umma nchini Uingereza zikikabiliwa na upunguzaji wa bajeti, msanii aliyeficha jina lake aliacha sanamu ndogo za karatasi katika taasisi za fasihi na utamaduni za mji huo, zikiandamana na ujumbe wa kuziunga mkono maktaba na vitabu. Kadhaa zilitengenezwa kwa riwaya za upelelezi za Ian Rankin. Iliyoachwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland ilitumia riwaya ya *Exit Music*, na ilionyesha santuri na jeneza. Kichwa cha riwaya kinataja muziki wa kuondokea, sanamu ikakifasiri. Chumba kidogo cha sinema kiliachwa katika jumba la sinema, na joka lililochongwa kutoka *Knots and Crosses* likaachwa katika kituo cha wasimulizi wa hadithi. Mahali, kitabu na umbo vinasemezana.

Tukivilinganisha na kazi hizi, vyumba vingi vinavyotengenezwa leo kwa ajili ya mapambo ya rafu vinapwaya. Ndani mna kiti, taa na zulia. Kitabu kimebaki kasha. Jaribio moja latosha kuvipima. Taasisi ya Sanaa ya Chicago inahifadhi vyumba 68 vya Thorne, vilivyojengwa kwa kipimo cha 1:12 ndani ya makasha na kutazamwa kupitia kioo. Havihitaji kitabu, na uzuri wao haupungui. Ikiwa chumba kilichomo kitabuni kingeweza kuhamishiwa kwenye kasha la mbao bila kupoteza maana yoyote, basi kitabu kimeharibiwa bure.

4. Wingi wa nakala

Hoja ya pili inatugusa moja kwa moja. Dettmer, Laramée na msanii wa Edinburgh wanaweza kukata bila hatia kwa sababu nakala nyingine zipo. Riwaya za Rankin zimejaa madukani, na Britannica imehifadhiwa katika maktaba nyingi. Kisu kinaondoa nakala, hakiondoi kitabu.

Hali ya maandishi ya Kiswahili ni tofauti. Kifaa kinachopendwa na wachongaji, yaani kamusi iliyopitwa na toleo jipya, ndicho kifaa cha mwanaisimu. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 ilibeba kwa wingi matumizi ya Mombasa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia kazi iliyozaa kamusi ya mwaka 1939. Anayetaka kujua usanifishaji uliacha nini nje ya mlango hana budi kuvishika vitabu vyote viwili. Vivyo hivyo, toleo la kwanza la *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, la mwaka 1981, halikufa matoleo mapya yalipotoka: linatuonyesha istilahi ambazo wakati ule zilikuwa hazijaingizwa. Kwa mnunuzi wa kamusi hilo ni toleo la zamani. Kwa mtafiti ni ushahidi.

Vitabu vya kiada viko hatarini zaidi. Mtalaa unapobadilika, shule huviondoa vyote kwa mkupuo, na kwa kuwa havikuhesabiwa kuwa fasihi, ni wachache wanaoviweka akiba. Mtu anaweza kujibu kwamba kitabu ambacho kesho kitafungiwa karanga heri leo kiwe chumba. Jibu hilo lina uzito, na makala haya hayalipuuzi: kitabu kilicholiwa na mchwa hadi kurasa zikashikana hakina msomaji wa kumdhulumu. Lakini uamuzi wa kwamba kitabu kimekufa haupaswi kuachiwa mwenye kisu peke yake.

5. Hitimisho na mapendekezo

Sanaa hii ikikaribishwa katika shule na vyuo vya ualimu vya ukanda wetu, inaweza kufundisha vipimo, subira na usomaji wa makini, kwa kuwa mwanafunzi anayetakiwa kujenga chumba kinacholingana na hadithi hana budi kuisoma hadithi hiyo. Ili isigeuke njia ya kuvipoteza vitabu, tunapendekeza mambo manne kwa maktaba za taifa, vyuo vikuu na wizara husika.

Kwanza, hakuna kitabu cha Kiswahili kitakachotolewa kwa kukatwa kabla jina, mwaka na toleo lake havijalinganishwa na orodha ya maktaba ya taifa na ya angalau chuo kikuu kimoja. Pili, kila toleo la kitabu cha kiada linaloondolewa shuleni lihifadhiwe nakala zisizopungua mbili. Tatu, pale nakala ikiwa ya pekee lakini imeharibika, ipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kwanza. Nne, mazoezi ya darasani yatumie vitabu vya simu, shajara zilizopita muda na vitabu vyenye nakala tele.

Kwa msanii liko sharti moja jepesi: chini ya chumba chake aandike jina la kitabu alichokichimba, mwandishi wake, mwaka na toleo. Atazamaye kiti na taa apate kujua ni nyumba ya nani aliyomo.