Toba ya Baba na Njia ya Binti: Maneno juu ya «The Dragon Prince»

Katika hadithi ya majoka iitwayo «The Dragon Prince», yaani Mtoto wa Mfalme wa Majoka, majoka wenyewe si neno kubwa. Wanaruka, wanatema moto na umeme, na watoto wadogo wanafurahi. Lakini mtu akitazama vizuri ataona kwamba watungaji wake wamekaa nyumbani kuliko vitani. Wanatuonyesha baba na mwana, kaka na dada, mlezi na yule aliyelelewa. Tena kila vita katika hadithi hii ilizaliwa kwanza katika nyumba ya mtu.

Kwa wale wasioiona, tuseme habari zake kwa ufupi. Ni sinema ya michoro iliyotungwa Marekani na Aaron Ehasz na Justin Richmond, ikaonyeshwa na Netflix tangu mwezi wa Septemba 2018 hata Desemba 2024. Imegawanyika katika vitabu 7, kila kitabu vipande 9, jumla vipande 63. Nchi ya hadithi imekatwa mara mbili: upande wa magharibi wanakaa watu, na upande wa mashariki, katika Xadia, wanakaa majoka pamoja na watu wenye pembe na vidole vinne, ambao hadithi za Ulaya huwaita Waelfi. Neno la uchawi linatajwa sana humo, wala lisimtishe msomaji. Ziko nguvu zinazotoka katika mwezi, jua, anga, ardhi, bahari na nyota. Tena iko nguvu ya giza, ambayo mwanadamu huipata kwa kunyonya uhai wa kiumbe kingine. Hilo la pili tulishike, maana ndilo linalopima mapendo ya watu wote katika hadithi: kila msaada wa nguvu ya giza unalipwa na mwingine asiyeulizwa.

Chanzo cha ugomvi ni njaa, na hapa watungaji wamefanya vizuri sana. Hawakuanza na mtu mbaya anayependa kuua. Watu wa falme mbili walikaribia kufa kwa kukosa chakula, na Viren, mshauri wa Mfalme Harrow wa Katolis, akatoa shauri: tuvuke mpaka, tuue jitu la moto, moyo wake utarutubisha mashamba. Malkia Sarai alikataa shauri hilo, lakini alipoona limekubaliwa akaenda nao. Wakafaulu, na watu wakapata kula. Lakini katika kurudi joka mkuu, Avizandum, akawakuta mpakani, na Sarai akafa kwa sababu alirudi nyuma kumwokoa Viren. Basi Viren yu hai kwa maisha ya malkia aliyempinga. Baadaye Harrow na Viren wakaenda kulipa kisasi, wakamgeuza Avizandum kuwa jiwe, na yai lake likasemwa limevunjwa. Kumbe Viren alilificha.

Ndipo Waelfi wa Mwezi wakatumwa kumwua mfalme pamoja na mwanawe Ezran, mtoto mdogo asiyejua lolote. Tunayo methali isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka. Waelfi hawaijui, lakini wanaifuata neno kwa neno: baba aliua, mwana afe. Nao watu wa Katolis wanaifuata vile vile juu ya yai. Sinema nzima ni bishano na methali hiyo.

Wanaoivunja kwanza ni watoto watatu. Callum ni mtoto wa Sarai kwa mume wa kwanza. Ezran ni wa Sarai na Harrow. Rayla ni msichana wa Waelfi, aliyetumwa kuua na akashindwa kumchoma hata askari mmoja aliyeanguka mbele yake. Wanalikuta yai, wanaondoka nalo kulirudisha kwa mama yake. Nilipenda kuona kwamba Callum na Ezran wanaitana ndugu tu, bila kugawanya undugu katika nusu, sawa vile kwetu watoto wa tumbo moja hawaulizani habari za baba. Shida iko kwa baba: Callum anamwita Harrow «mfalme», anaona haya kumwita neno lingine. Harrow naye, usiku ule anaongoja wauaji, anamwandikia barua, na mtoto anaisoma baadaye, wakati mwandishi amekwisha kufa. Anamwambia kwamba anampenda kama mwana wake kabisa, na kwamba asifungwe na makosa ya wale waliomtangulia. Harrow hajitetei katika barua ile. Anakubali kwamba alikosa, naye anangoja mkono wa wauaji bila kutaka mtu mwingine afe mahali pake. Viren alipomletea hila ya kumwokoa kwa nafsi ya mwingine, mfalme alikataa, akamwamuru apige magoti akumbuke kwamba ni mtumishi. Kukataa kulikuwa kwema. Namna ya kukataa ilimwumiza rafiki wa siku nyingi, na jeraha lile lilizaa mambo.

Juu ya Rayla neno moja. Waelfi waliapa kwa kufunga uzi mkononi, na uzi haufunguki mpaka yule aliyetajwa afe. Mfalme alipokufa uzi mmoja ulianguka. Wa pili, ule wa Ezran, uliendelea kumkaza mpaka mkono ukataka kufa, naye anatembea njia nzima pamoja na mtoto ambaye kwa kumwua angeponya mkono wake. Wasomaji wetu watamkumbuka Yefta, na Herode mbele ya wageni wake, waliotimiza kiapo ambacho heri wangekivunja. Rayla hakitimizi. Chuma hakikuweza kuukata uzi ule. Aliyeukata ni joka mchanga, Azymondias, kwa meno yake, saa ile ile alipotoka katika yai. Sijaona katika sinema za watoto picha iliyo wazi kuliko hiyo.

Lakini wengi wanapoizungumza sinema hii wanakaa katika mapendo ya Callum na Rayla, wanaulizana wataoana lini. Mimi naona moyo wa hadithi uko katika nyumba ya Viren.

Viren ana watoto wawili. Soren ni askari, mwenye nguvu, mcheshi, asiye hodari wa vitabu. Na baba haachi kumwonyesha kwamba anamdharau. Claudia ana akili, amejifunza nguvu ya giza kwa baba, na baba anamsifu. Mama yao aliondoka zamani. Wakati Soren alipokuwa mtoto mgonjwa wa kupumua, Viren alihitaji machozi ya mke wake kwa dawa ya giza, akayatwaa kwa nguvu. Mtoto akapona, ndoa ikavunjika. Hapo mafundisho yote ya nyumba hii yamekwisha kutolewa: kwa ajili ya jamaa yako fanya neno lolote, wala usimwulize anayelipa.

Basi watoto wa mfalme walipokimbia na yai, Viren aliwatuma watoto wake kuwafuata. Soren akaambiwa kwa siri kwamba watoto wale wasirudi wakiwa hai. Claudia akaambiwa kwa siri nyingine kwamba, ikimpasa kuchagua kati ya ndugu yake na yai, achague yai. Wanaondoka pamoja wakicheka, na kila mmoja amebeba mzigo ambao mwenzake haujui. Njiani Soren anapigana na joka, anavunjika, hawezi tena kusogeza mwili. Wala hasikitiki sana, maana anaona amefunguliwa katika amri ile ya kuua. Claudia hajui hayo. Anamwona kaka yake amelala, anamkamata mtoto wa paa, na kwa uhai wa mnyama yule anamsimamisha. Tangu siku ile nywele zake zinaanza kugeuka nyeupe. Yule aliyeambiwa achague yai amemchagua ndugu, na tungemsifu, kama isingekuwa damu ile. Amefanya jambo lile lile ambalo baba yake alifanya mbele ya kitanda cha mtoto.

Waliporudi, Soren alimwuliza baba mbele ya dada: si wewe uliyenituma kuua? Viren akakana. Claudia akachagua kumsadiki baba. Hapa ndipo nyumba inapopasuka, na naomba waseminari waangalie kwamba haikupasuka kwa chuki. Soren anampenda baba yake mpaka mwisho. Katika kitabu cha 3 anapompiga kwa upanga ili kuwalinda wengine, analia, hata inapoonekana kwamba aliyempiga ni kivuli tu kilichotengenezwa na dada yake. Lakini Soren amejifunza kuyapima maneno ya baba, na Claudia hataki kuyapima. Katika wawili hao Claudia ndiye mwenye mapendo yasiyochoka. Baba anapoanguka kutoka mlimani na kufa, ni yeye anayemfufua kwa nguvu ya giza. Baba anapopewa siku 30 tu za kuishi, ni yeye anayezunguka nchi na bahari kutafuta namna ya kumwongezea siku.

Halafu Viren anatubu. Watungaji hawakufanya haraka: vitabu 3 vinapita katika jambo hili. Mwisho wa kitabu cha 5 anakataa kuendelea kuishi kwa gharama ya wengine. Katika kitabu cha 6 anarudi Katolis kujibu makosa yake, anafungwa. Anamwandikia Soren barua ya kuungama yote, hata habari ya machozi ya mama, kisha anaiunguza, kwa kuwa ameona kwamba barua ile ingempumzisha mwandishi na kumlemea msomaji. Joka wa jua, Sol Regem, anapokuja kuunguza mji, Viren anatumia nguvu ya giza mara ya mwisho, na safari hii uhai unaotolewa ni wake: anautoa moyo wake mwenyewe kuwakinga watu, anakufa. Wako waliosema kwamba kifo kile kinamsafisha kwa urahisi mno. Sioni hivyo. Alikwisha kutubu kabla ya moto, na mbele ya Soren hakudai kusamehewa.

Shida yangu iko penginepo. Claudia yu wapi? Baba aligeuka, akamwacha. Alimwambia kwamba njia ile ni mbaya, akaondoka kwenda kulipa deni lake, na binti akabaki peke yake katikati ya njia ambayo baba ndiye aliyemwingiza, akimshika mkono tangu utoto. Yote aliyoyafanya aliyafanya juu ya baba. Sasa baba anayaita makosa. Afanye nini na paa yule aliyeuawa? Akikubali maneno ya baba, mapendo yake yote yamekuwa upotevu. Hakukubali. Akaenda kumfungua Aaravos, mfungwa wa zamani mwenye hila, naye akampokea kwa maneno matamu kama baba wa pili. Wale wanaomwita Claudia msaliti hawakutazama vizuri. Hakugeuka hata siku moja. Waliogeuka ni wengine, naye aliendelea mbele na fundisho alilopewa.

Nadhani hiyo ndiyo sababu hadithi hii inafaa kutazamwa na mtu anayefundisha wengine, padri au katekista. Tumezoea kumfuata mkosefu anayerudi, tunafurahi naye, tunafunga kitabu. Sinema hii inakataa kufunga kitabu. Inamwacha baba katika amani yake na kugeuza macho kwa yule aliyefundishwa naye, ambaye hakurudi pamoja naye.

Makosa yako. Kati ya kitabu cha 3 na cha 4 inapita miaka 2, na jambo kubwa lililowatenga Callum na Rayla limesimuliwa katika kitabu cha picha cha mwaka 2020, «Through the Moon», si katika sinema. Mtazamaji asiyekisoma anawakuta wamekasirikiana, anauliza kuna nini. Tena Soren anafanywa mchekeshaji kupita kiasi. Mara nyingi, moyo wake ukianza kusema, watungaji wanamwangusha katika mzaha. Juu ya Aaravos, tunaambiwa mwishoni kwamba naye alikuwa baba, kwamba binti yake Leola aliuawa kwa hukumu ya wakubwa wa nyota kwa sababu aliwagawia wanadamu nguvu. Habari yenyewe ni nzuri, lakini inafika imechelewa. Na kumfanya kila adui baba mwenye uchungu kunaanza kufanana na desturi ya mwandishi kuliko maisha ya watu.

Kinyume chake napenda sana jinsi kitabu cha 7 kinavyomweka Ezran mbele ya Runaan. Huyu ndiye aliyemwua Harrow. Tena ndiye aliyemlea Rayla. Ezran, aliyetoa taji lake zamani ili watu wasiopenda vita wasilazimishwe kupigana, mtoto mpole kuliko wote, anamtazama na hawezi. Anamtia gerezani. Ghadhabu inampanda mpaka rafiki zake wanamwogopa. Vitabu 6 tulimsikia akisema mema juu ya amani, na sasa mwuaji wa baba amesimama karibu, ana jina na jamaa wanaompenda, na Rayla, rafiki wa Ezran, amemleta kwa furaha kama mtu aliyempata baba.